Umeme wa Sandarusi

Watu wa rika langu wakikutana kuzungumza habari za skuli, hukumbuka viboko, uji na nyimbo. Mimi humkumbuka mtu mmoja. Nimeshaambiwa na watu wenye elimu ya dini, na mke wangu ameniambia zaidi yao, kwamba kinyongo humla aliyekifuga. Pengine ni kweli kwa wengine. Changu kimenilisha.

Baba alikuwa na duka nyuma ya soko la Kariakoo. Aliuza mchele, sukari, tende na mafuta ya taa. Babu alikuja kutoka Shihiri, Arabuni, akiwa kijana, akaoa pwani, na sisi wajukuu tukawa Waarabu wa Kariakoo, yaani Waswahili wenye babu wa kumtaja. Mwingereza alikuwa ameshaichukua nchi kwa Mjerumani, na mitaa yetu ilikuwa mchanga mtupu. Umeme ulikuwa Uzunguni na katika maduka makubwa ya Uhindini. Kwetu ilikuwa taa ya chemni, ya mafuta na utambi, na ukitaka kuona taa isiyo na moto ulivuka Mnazi Mmoja ukasimame mbele ya duka la Mhindi mpaka akufukuze.

Nilibahatika kuingia darasa la juu katika skuli ya serikali mjini. Tulikuwa vijana wachache, wengine tayari wana ndevu, na wawili wameoa. Serikali ililiita darasa la waalimu. Sisi tuliliita chuo, kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine karibu cha kukiita hivyo. Na kwa kweli tulifundishwa kila kitu. Asubuhi ilikuwa historia ya wafalme wa Kiingereza, baada yake utunzi wa mashairi na hesabu za maumbo, mchana kuchora na useremala. Mara mbili kwa wiki ilikuwa fizikia, neno ambalo kila mmoja wetu alilitamka kwa namna yake. Somo hilo alilifundisha mkuu wa skuli mwenyewe, Mwingereza mrefu mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko mgongo wake.

Siku ya kwanza alituletea bomba la kutolea hewa. Juu yake palikuwa na kuba la kioo, na ndani ya kuba kengele ndogo ya kujigonga yenyewe. Kengele ikalia, sote tukaisikia. Akaanza kupampu. Mlio ukapungua, ukapungua tena, mpaka nikaona kinyundo kinapiga kengele na masikio yangu hayapati kitu. Akafungulia hewa, mlio ukarudi. Sikuwahi kuona jambo zuri kama lile, na mpaka leo sijaliona.

Jioni ile, baada ya sala ya magharibi, nilimsimulia baba. Alifikiri, kisha akasema, "Basi sauti hupanda hewa kama mtu apandavyo punda. Punda akiondoka, mtu hafiki."

Nilimwambia mkuu wa skuli maneno hayo. Alicheka, akayaandika ubaoni, na baada ya siku chache akanipa ufunguo wa kabati la vyombo. Kazi yangu ikawa kuvipangusa, kuvikausha kutokana na unyevu wa pwani na kuviandaa kwa somo. Wenzangu walinionea wivu kidogo. Mmoja alinionea wivu mwingi, naye hakuwa mwenzangu. Alikuwa mwalimu msaidizi.

Huyo alikuwa kijana wa nyumba kubwa, amenizidi umri kidogo tu. Kanzu yake haikuwa na kunjo, tarbushi lake jekundu lilikaa sawasawa kichwani, na Kiingereza chake kilimtoka puani. Alifundisha madarasa ya chini, na kwetu alimsaidia mkuu kushika vyombo. Fizikia hakuijua. Alijua majina ya vyombo kwa Kiingereza, na mbele ya wageni hilo lilimtosha.

Jioni moja aliniomba ufunguo. "Nataka kujizoeza lile somo la kengele," alisema, "nilifundishe darasa la chini." Nikampa. Alikuwa mwalimu wangu.

Asubuhi niliukuta ufunguo umechomekwa kwenye kabati. Kuba la kioo lilikuwa vipande vipande, vimefagiliwa vizuri chini ya meza.

Mkuu wa skuli alipoingia alisimama mlangoni akavitazama vile vipande. Kuba lile lilikuwa limetoka Ulaya kwa meli, na hapakuwa na jingine. Akauliza, "Nani alikuwa na ufunguo?"

"Jana jioni nilimpa mwalimu, bwana," nikasema.

"Mimi?" akasema msaidizi. "Jana mimi niliondoka mapema. Ufunguo wako ni wako, kijana, usinitie mimi."

Nikaona kidole gumba chake. Kilikuwa kimefungwa kitambaa cheupe, na damu imechora duara juu yake.

"Bwana," nikamwambia mkuu, "muulize kidole chake kimefanya nini."

Msaidizi hakubabaika hata kidogo. "Nilikuwa nakuna nazi nyumbani. Mbuzi imenikata."

Mwanamume wa nyumba kama ile, mwenye mke na mtumishi, akae juu ya mbuzi akune nazi. Darasa zima lilijua kuwa ni uongo. Nyuma yangu mtu alikohoa kuficha kicheko. Lakini mkuu wa skuli alilisikia neno "mbuzi" akadhani mnyama, akamwambia kwa huruma kwamba majeraha ya wanyama ni hatari, akayaoshe kwa dawa. Hapakuwa na mtu hata mmoja aliyefungua kinywa kumweleza. Wote walitaka kuwa waalimu, na msaidizi ndiye aliyekuwa akiandika sifa za kila mmoja wetu.

Baba akaitwa.

Alikuja na joho lake la sufu, lile la Idi, ijapokuwa jua lilikuwa kali. Mkuu wa skuli alimweleza kwa upole kwamba mwanawe amevunja chombo cha serikali na kumsingizia mwalimu, na kwamba kosa la pili ndilo kubwa. Baba hakuniangalia. Alivua kofia. Sikuwahi kumwona baba bila kofia mbele ya watu. Akaenda mpaka pale alipoketi msaidizi, akaushika mkono wake kwa mikono yake miwili, akasema, "Mwalimu, mwanangu amekukosea. Mimi ndiye baba yake. Tusamehe."

Msaidizi hakuinuka kitini. Mkono wenye kitambaa ulikuwa mapajani, ule mwingine ndani ya mikono ya baba. Akasema, "Mzee, wafundisheni watoto wenu adabu ya vitu vya watu. Hapa si dukani."

Wala hakumwambia baba shikamoo, alipoingia wala alipotoka.

Tulirudi nyumbani tukipita kwenye mchanga, baba mbele, mimi nyuma. Tulipofika aliniuliza, "Ulivunja?"

"Sikuvunja, baba."

Alinitazama akaona kuwa nasema kweli. Nadhani angefarijika kama ningekuwa mwongo. Akasema polepole, "Basi nimeomba radhi kwa kosa lisilo letu." Alivua joho, akalitundika kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumbani, na tangu siku ile hakulivaa tena. Idi iliyofuata alikwenda kusali na kanzu peke yake. Waliomuuliza aliwaambia joto limezidi.

Hukumu yangu ilikuwa kwamba nitaendelea na masomo yote, lakini vyombo vya fizikia sitavigusa tena, na mtihani wa vitendo sitaufanya. Basi nikawa nakaa nyuma, mikono mapajani, wenzangu wanapima joto la maji, wanapitisha mwanga kwenye vioo, wananing'iniza mawe kwenye nyuzi na kuhesabu yanavyopembea. Nikinyoosha shingo ili nione vizuri, msaidizi alisema kwa sauti ya kusikika na wote, "Wewe tazama tu. Macho hayavunji."

Wenzangu walicheka, wale wale waliojua habari ya nazi. Nao nina lao, lakini leo si zamu yao.

Niliazimia kulipiza. Sitaki kulipamba jambo hili, kwa hiyo sisemi kwamba nilitaka haki. Haki ingekuwa mkuu wa skuli kuujua ukweli, na hilo nilishaliona kuwa haliwezekani. Nilitaka mtu yule aaibike mbele ya watu, mchana kweupe, kwa namna ambayo hata angekwenda wapi ingemtangulia. Na nilitaka nimfanyie hivyo kwa fizikia.

Katika kitabu cha skuli palikuwa na picha ya chupa ya umeme. Ni chupa ya kioo iliyofunikwa karatasi ya madini ndani na nje, na kizibo chake kimepitishwa fimbo ya shaba yenye kirungu juu. Umeme hujazwa ndani kidogo kidogo, ukakaa kama maji mtungini, mpaka mtu ashike chupa kwa mkono mmoja na kirungu kwa mwingine. Hapo umeme wote hutoka kwa mara moja, na njia yake ni kifua cha mtu huyo. Kitabu kilisema umeme wa namna hiyo watu wa kale waliupata kwa kusugua kaharabu, ambayo ni utomvu wa miti uliogeuka jiwe.

Kaharabu sikuwa nayo. Lakini mtu wa Kariakoo asiyejua sandarusi, utomvu mgumu uchimbwao ardhini, hakuwapo. Wachimbaji waliileta kwa magunia, ikapita mitaani kwetu kwenda kwa wanunuzi wa Kihindi, na watoto waliokota vipande vilivyodondoka wakachezea. Jioni moja nilisugua kipande kwenye shuka, nikakishusha juu ya makapi ya mchele dukani. Makapi yakaruka yakanata. Nilisimama pale na kile kipande mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya kofia ya baba nikacheka.

Nilianza kujenga. Chupa ilikuwa ya achari, ya kioo kinene. Karatasi ya madini niliibandua kutoka ndani ya masanduku ya chai, ambayo baba aliyatupa nyuma ya duka. Fimbo niliikata kwenye kitanda kibovu cha chuma na shaba cha jirani, na kirungu kikaja pamoja nayo. Sandarusi changa, ile watu waliyoiita chakazi, niliiyeyusha pamoja na nta, nikaimimina kwenye sinia la bati ikaganda ikawa kama chapati nene ya manjano. Moshi wake ulimtoa mama jikoni.

"Unapika nini?" akauliza.

"Somo, mama."

"Somo hilo linanuka kama maiti wa Kihindi akichomwa. Lisiingie kwenye sufuria yangu."

Nikamweleza. Nilimweleza sandarusi na chupa na namna umeme unavyoingia, na nilipomaliza akauliza swali moja tu, "Kwa ajili ya yule?"

Nikaitikia kwa kichwa. Ilipoganda ile sandarusi nikaanza kuisugua kwa kitambaa cha pamba, na haikuwa ikifanya vizuri, maana kitabu kilitaka sufu au manyoya. Mama aliingia chumbani akarudi na mkasi, na pindo la joho la baba. Nondo walikuwa wameshaanza kulila.

"Hili halivaliki tena," akasema. "Sugua."

Sandarusi iliposuguliwa kwa sufu ya joho lile, ilitoa cheche zinazosikika.

Ilinichukua miezi. Msimu wa mvua hakuna kilichofanya kazi. Umeme ulipotea hewani kabla haujafika chupani, na niligundua kwamba unapita kwenye unyevu uliokaa juu ya kioo. Nikaipaka shingo ya chupa sandarusi iliyoyeyushwa, tabaka juu ya tabaka, kwa kuwa utomvu haunywi maji kama kioo kinavyotoa jasho. Hilo halikuwa kitabuni. Hilo nililijua mwenyewe, na nilijivunia kuliko cheti chochote nilichopata baadaye. Kipupwe kilipoingia, hewa ikawa kavu, chupa ikaanza kushika. Nilijijaribia mwenyewe kwanza. Mara ya kwanza nilihisi kama nimegongwa kiwiko. Niliongeza. Mara ya mwisho nilijikuta nimekaa chini uani, kuku wananitazama. Nikaona hicho ndicho kiasi. Sikutaka afe. Maiti haoni haya.

Kumbe nilikuwa nimeanza kujifunza somo la pili, ambalo ni mtu mwenyewe. Tulifundishwa kwamba mchunguzi haamui kwanza, hutazama. Nilimtazama. Niliona kwamba kila kitu kilicholetwa mbele yake alikiinua kwa mkono wa kushoto na kukifungua kwa mkono wa kulia, iwe kisanduku cha chaki au birika. Niliona kwamba ukimwambia "karibu" husita, na ukimwambia "usi" hufanya. Basi.

Kila mwaka skuli ilikuwa na siku ya wageni. Wazazi walikuja, na Wazungu wa serikali na wake zao, na kila mwanafunzi wa darasa la juu alionyesha kitu alichokitengeneza kwa akili yake mwenyewe. Mwingine alisoma shairi, mwingine alichora ramani ya bandari, mwingine alitengeneza kiti. Mimi niliandika kwamba nitaonyesha kazi ya useremala na fizikia ya nyumbani. Mkuu wa skuli aliniuliza kama nimegusa chombo chochote cha skuli. Nikamwambia hata kimoja. Akanitazama kidogo, akakubali.

Asubuhi ya siku hiyo niliijaza chupa nyuma ya banda la useremala, nikisugua sandarusi na kuigusisha kwenye kirungu, kusugua na kugusisha, mpaka mkono ukafa ganzi. Nikaibeba ndani ya kisanduku nilichokiranda mwenyewe, nikaiweka mezani kwangu. Mbele yake nikaweka kibao chenye maneno, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza: Tafadhali usiguse.

Wageni walipita meza kwa meza. Msaidizi ndiye aliyewaongoza, akieleza kila kitu kwa Kiingereza chake cha puani. Alipofika kwangu alicheka.

"Na huyu ametuletea chupa ya achari," akawaambia wageni. Kisha akanigeukia kwa Kiswahili. "Imekosa pilipili?"

"Mwalimu, tafadhali usiiguse," nikasema. Nilisema kwa sauti, kila aliyekuwa karibu akasikia. "Ina umeme ndani."

"Umeme wa Kariakoo?"

"Usiiguse, mwalimu. Nakuomba."

"Wewe ndiye uliyekatazwa kugusa," akasema. "Si mimi."

Akaiinua kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia ukaenda kwenye kirungu, kufungua kizibo.

Mlio ulikuwa kama wa kuvunja kijiti kikavu. Chupa iliruka kutoka mkononi mwake, yeye mwenyewe akaruka upande mwingine, na kilichomtoka kinywani hakikuwa Kiingereza. Alisema, "Mama yangu nakufa," kwa sauti nyembamba kama ya mtoto, akaanguka kinyumenyume kwenye meza ya jirani yangu, aliyekuwa amefinyanga mfano wa mji wetu kwa udongo mbichi. Aliketi juu ya mji. Tarbushi lilibingirika mpaka miguuni kwa mke wa ofisa mmoja. Mama yule aliliokota, akalishika, akajaribu kujizuia, akashindwa. Alipocheka yeye, waliocheka walikuwa wote.

Mimi sikucheka. Nilisimama wima, mikono nyuma, nikatazama tu.

Mkuu wa skuli alikuja mbio. Alipoona msaidizi ni mzima, amepakwa udongo tu, alinigeukia. "Umetengeneza nini?"

Nikamweleza, na wageni wakanyamaza kusikiliza. Nilieleza sandarusi, sufu, karatasi ya masanduku ya chai, na kwa nini nimeipaka shingo ya chupa utomvu. Hapo alinikatiza, akataka nirudie, na nikaona macho yake yamebadilika, yamekuwa yale ya siku ya kengele.

"Nani alikuonyesha haya?"

"Hapana aliyenionyesha, bwana. Mimi nimekatazwa kugusa vyombo."

Wageni walisikia. Nilitaka wasikie. Mkuu akawa mwekundu, akasema kwa sauti ya chini, "Ulijua ataigusa."

"Nilimkataza, bwana. Watu wote ni mashahidi."

Baadaye aliniita ofisini, akafunga mlango, akaniuliza ni nani hasa aliyevunja kuba la kioo. Nikamwambia, "Nilishakujibu siku ile, bwana." Akaniuliza, "Mbuzi ni nini?" Nikamweleza mbuzi ni kibao gani, na nani hukikalia, na nani hakikalii kamwe. Aligeuka akatazama dirishani. Hakuniomba radhi, wala hakumwita baba. Alisema tu kwamba wiki ijayo nitafanya mtihani wa vitendo pamoja na wenzangu, na kwamba sasa niondoke. Niliufanya, nikashinda wote.

Habari ilifika Kariakoo kabla yangu. Nilipoingia dukani baba alikuwa akimpimia mteja mchele. Hakuinua macho.

"Nasikia umemwangusha mwalimu wako," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

Alifunga ule mchele, akampa mteja, akasubiri mpaka ametoka. "Mwalimu ni mzazi," akasema. "Jambo hilo si zuri. Nenda ukale."

Nilikwenda uani nikala, kichwa chini. Kisha nikamsikia ameingia chumbani kwa mama. Ikaja sauti ya mama ikimnyamazisha, "Shii, atakusikia," halafu baba akicheka. Alicheka mpaka akapaliwa, akakohoa, akaanza tena. "Juu ya mji," alikuwa akisema. "Ameukalia mji."

Watoto wa Kariakoo hawana huruma, na siku zile sikuwaombea wawe nayo. Msaidizi akipita mtaani, alisikia nyuma yake, "Usiguse." Akinunua samaki sokoni, muuzaji alimwambia, "Usiguse, mwalimu, huyu ana umeme." Katika madarasa yake ya chini, akishika chaki tu, safu ya nyuma ilitetemeka. Wengine wanasema mambo haya huchosha baada ya muda. Sivyo. Kariakoo ikipata jina la mtu hulitunza.

Mwishoni alikuja dukani kwetu. Ilikuwa alasiri, nami nilikuwa nimekaa kwenye magunia. Alivaa kanzu yake safi, lakini alikuwa ametazama nyuma mara mbili kabla ya kuingia.

"Shikamoo, mzee," akasema.

"Marahaba," akasema baba.

Baba alikuwa amekaa kwenye benchi lake. Baba yangu alikuwa mtu wa kumwinukia hata mwombaji, akimkaribisha na kumtolea maji. Siku ile hakuinuka. Kulikuwa na kigoda tupu kando yake, wala hakukisogeza.

"Mzee, nimekuja kukuomba," akasema msaidizi. "Zungumza na mwanao. Awakataze watoto. Wewe una neno hapa mtaani."

"Watoto ni wa mtaa," akasema baba. "Mimi nina wangu tu, na wangu huyo hapo amekaa kimya."

"Nimeomba kuhamishwa, mzee. Nakwenda bara. Lakini kuna jamaa wa huku wanahamia huko huko. Nisingependa jina hili linifuate."

Baba alimtazama kwa muda. Nilidhani atalegea. Nilimwomba Mungu asilegee.

"Mwalimu," akasema, "hapa ni dukani. Kama kuna unachonunua, sema."

Msaidizi akatoka. Nilimtazama akivuka mchanga kuelekea Msimbazi, akitembea upesi. Watoto waliokuwa kwenye kivuli cha soko walimwona. Sikuwakataza.

Nilikuwa mwalimu wa fizikia mwenyewe baadaye, na miaka ikapita, baba akafa, mama akafa. Siku moja nilialikwa khitma ya marehemu mmoja mtaani Mchafukoge, nikawekwa kwenye sinia moja la pilau na mzee aliyenyong'onyea. Sikumtambua mpaka aliponinyooshea mkono akanisalimu kwa ile sauti ya puani ya msaidizi. Nikaushika, maana salamu ni haki ya Muislamu.

"Bado una umeme mkononi?" akaniuliza, akatabasamu akitaka nitabasamu naye.

Sikutabasamu. Akakohoa. "Yaliyopita si ndwele, bwana," akasema. "Sisi sasa wazee."

"Nani alivunja lile kuba?" nikamuuliza.

Watu wengine wa sinia waliinua vichwa. Alitazama wali mbele yake. "Wewe bado unalo hilo?"

"Ninalo."

Nilisubiri. Nilimpa nafasi aliyomnyima baba yangu. Alichukua tonge, akalitia kinywani akatafuna taratibu. Baada ya hapo hakuniangalia tena mpaka sinia likaisha.

Nami nikala. Pilau lilikuwa zuri, lina nyama nyingi, na sikuona sababu ya kumwachia.